Mjumbe Hauawi? Dhima ya Watoa Huduma za Intaneti katika Kuzuia Maudhui, kutoka Munich 1995 hadi Tanzania 2020

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, neno dhima humaanisha kazi ambayo kitu hutekeleza: dhima ya methali, dhima ya mhusika mkuu, dhima ya nyimbo za jando. Katika sheria, neno hilohilo hubeba mzigo mwingine. Dhima ni kile kinachomwangukia mtu kwa sababu ya kutenda au kutotenda kwake: kulipa fidia, kutozwa faini, kufungwa. Wajibu, kwa upande wake, hutangulia. Ni jambo ambalo mtu anatakiwa kulifanya hata kama hajakosa lolote. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ya kikamusi tu, lakini insha hii inashikilia kwamba historia ya sheria za kuzuia maudhui ya intaneti haieleweki bila hiyo.

Masimulizi yaliyozoeleka huigawa historia hiyo katika hatua tatu. Kwanza, watoa huduma za intaneti waliadhibiwa kwa maudhui ya watu wengine. Kisha sheria zikawaondolea dhima. Mwishowe serikali na wenye hakimiliki wakageuka na kuwadai wazuie. Hoja ya insha hii ni kwamba hatua ya pili na ya tatu hazikufuatana. Zilizaliwa pamoja, ndani ya kifungu kimoja. Waswahili husema mjumbe hauawi, na watunga sheria wa miaka ya 1990 walikubali hivyo. Lakini katika sentensi iliyofuata walijiachia nafasi ya kumwambia mjumbe huyohuyo asiifikishe barua. Tangu hapo swali la msingi halikuwa tena iwapo mjumbe ana hatia. Swali lilikuwa ni nani anasikilizwa kabla barua haijazuiwa, maana aliyeiandika na anayeisubiri kwa kawaida hawapo chumbani.

Mifano inayochambuliwa ni ya Ujerumani, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Uingereza, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tanzania inaingia mwishoni kwa sababu ya kihistoria: vifungu vilivyotokana na mijadala ya Ulaya vilisafiri hadi katika sheria yetu ya mwaka 2015, na msafiri huyo hakufika na mizigo yake yote.

Munich, 1995–1999

Tarehe 22 Novemba 1995, polisi wa jimbo la Bavaria walifanya upekuzi katika ofisi za CompuServe Deutschland, kampuni tanzu ya CompuServe ya Marekani, nje kidogo ya mji wa Munich. Walikuwa wakichunguza picha za ngono zinazohusisha watoto, pamoja na maudhui mengine yaliyokatazwa na sheria za Ujerumani, yaliyokuwa yakipatikana kupitia vikundi vya habari vya Usenet. Vikundi hivyo vilikuwa mfano wa mbao za matangazo zilizosambaa duniani: mtu alibandika ujumbe mahali pamoja, nao ukanakiliwa katika seva za watoa huduma wengi, kila mmoja akihifadhi nakala yake. CompuServe ilihifadhi nakala zake Columbus, Ohio. Ofisi ya Munich haikuwa na nakala yoyote. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wateja wa Ujerumani na mitambo ya Marekani.

Mwezi uliofuata polisi waliikabidhi kampuni orodha ya vikundi zaidi ya 200 vilivyotiliwa shaka. Siku za mwisho za Desemba, CompuServe ikavifunga. Kwa kuwa mitambo ya wakati huo haikuweza kumtenganisha mteja wa Ujerumani na mteja wa nchi nyingine, vilifungwa kwa wateja wote duniani, takriban milioni 4. Miongoni mwake vilikuwamo vikundi vya mijadala na habari tu, ambavyo kosa lake lilikuwa kuwa na neno la ngono katika majina yao. Februari 1996 kampuni ilivirudisha karibu vyote na badala yake ikawapa wateja programu ambayo mzazi angeweza kuitumia kuchuja kile ambacho mtoto anakiona.

Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa sheria hulipita haraka mno. Hakuna mahakama iliyokuwa imeamuru chochote. Waendesha mashtaka wenyewe walisema baadaye kwamba hawakutoa amri; walitoa orodha ili kampuni ivichunguze vikundi hivyo. Kampuni iliisoma orodha kama amri, na mtu yeyote aliyewahi kupokea barua yenye mhuri wa polisi ataelewa kwa nini. Zuio la kwanza la intaneti lenye ukubwa wa kimataifa lilitokana, basi, na hofu ya dhima ambayo mipaka yake hakuna aliyeijua. Aliyeogopa alizuia zaidi ya alichoombwa, kwa watu wengi zaidi ya waliohusika, kwa kuwa kuzuia kupita kiasi hakukumgharimu chochote mahakamani.

Mashtaka hayakukoma. Felix Somm, raia wa Uswisi aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya Munich, alishtakiwa yeye binafsi. Kesi ilipoanza kusikilizwa mwaka 1998, Ujerumani ilikwisha kupata sheria mpya ya huduma za kielektroniki, Teledienstegesetz, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1997. Kifungu chake cha 5 kilitamka kwamba anayetoa njia tu ya kuyafikia maudhui ya wengine hawajibiki kwa maudhui hayo. Kwa mtazamo wa wengi shauri lilikuwa limekwisha. Upande wa mashtaka wenyewe, baada ya kuusikia ushahidi wa kitaalamu, uliiomba mahakama imwachie huru mshtakiwa.

Tarehe 28 Mei 1998 Mahakama ya Wilaya ya Munich ilimtia hatiani. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa na kuamriwa kulipa maki 100,000 za Ujerumani. Hakimu aliona kwamba kampuni tanzu haikuwa na wateja wake yenyewe; wateja walikuwa wa kampuni mama, na kilichowaunganisha wawili hao kilikuwa waya tu. Kwa hiyo haikuwa mtoa njia katika maana ya sheria, na mkurugenzi wake alishiriki kosa pamoja na kampuni mama, ambayo ilihifadhi picha zile na ingeweza kuzifuta. Hoja hiyo ilishutumiwa vikali, na shutuma nyingi zilistahili. Hata hivyo haikuwa ya kijinga. Hakimu alikuwa ameona kwamba ndani ya shirika moja mjumbe na mwenye ghala wanaweza kuwa watu wa nyumba moja, na kwamba sheria ya mjumbe isiwe joho la kumfunika mwenye ghala.

Alipokosea ni kwa mtu aliyemhukumu. Somm hakuwa na ufunguo wa seva za Ohio. Alichoweza kukifanya ni kuwaandikia wakubwa wake. Tarehe 17 Novemba 1999, mahakama ya rufani ilimwachia huru.

Ngao na mlango wake

Kesi ya Somm hukumbukwa kwa hukumu zake mbili. Kwa insha hii lenye uzito zaidi ni jambo ambalo halikumgusa moja kwa moja, yaani aya ya nne ya kile kifungu cha 5. Baada ya aya ya tatu kumwondolea dhima mtoa njia, aya ya nne ilisema kwamba wajibu wa kuzuia matumizi ya maudhui haramu chini ya sheria za jumla unabaki palepale, iwapo mtoa huduma amepata habari za maudhui hayo na kuzuia kunawezekana kiufundi na hakumtwishi mzigo usio wa haki. Dhima iliondolewa, wajibu uliachwa.

Umoja wa Ulaya ulifuata mtindo huohuo katika Agizo namba 2000/31 la tarehe 8 Juni 2000 kuhusu biashara ya kielektroniki. Kifungu cha 12 kilimkinga mtoa njia ambaye hakuanzisha usafirishaji, hakumchagua mpokeaji, wala hakuyachagua au kuyabadili maudhui. Vifungu vya 13 na 14 viliwagusa wanaohifadhi nakala za muda na wanaohifadhi maudhui ya wateja. Kifungu cha 15 kilizikataza nchi wanachama kuwatwisha watoa huduma wajibu wa jumla wa kufuatilia kila kinachopita. Lakini aya ya 3 ya kifungu cha 12 ilisema kinga hiyo haikuizuia mahakama au mamlaka ya kiutawala kumtaka mtoa huduma akomeshe au azuie ukiukwaji wa sheria.

Aya hiyo isomwe taratibu. Kwanza, iliweka mahakama na mamlaka ya kiutawala katika mizani moja, kana kwamba ni chombo kimoja chenye majina mawili. Pili, haikusema neno lolote kuhusu mtumiaji. Watunga sheria walikuwa wakitatua tatizo lililoachwa na Munich, yaani mkurugenzi aliyesimama kizimbani kwa picha asizozijua, na walilitatua vizuri. Mtu wa tatu hakuwamo katika tatizo walilopewa, na kwa hiyo hakuwamo katika jibu. Mwaka uliofuata, Agizo namba 2001/29 kuhusu hakimiliki lilikwenda mbele zaidi: kifungu cha 8(3) kilizitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba wenye hakimiliki wanaweza kuomba amri ya mahakama dhidi ya mjumbe, awe na hatia au asiwe nayo.

Pennsylvania, 2002–2004

Jimbo la Pennsylvania lilikuwa la kwanza nchini Marekani kutunga sheria iliyowalazimisha watoa huduma kuzuia tovuti za picha za ngono zinazohusisha watoto, mwaka 2002. Lengo lake halikupingwa na yeyote, na inafaa kulisema hilo mapema, kwa kuwa historia ya kuzuia maudhui mara nyingi huanza na maudhui yasiyoweza kutetewa. Sheria iliweka njia ya mahakama: Mwanasheria Mkuu wa jimbo aombe amri, kisha mtoa huduma apewe siku 5 za kazi kuitekeleza. Katika utekelezaji, ofisi ya Mwanasheria Mkuu iliiacha njia hiyo na kutuma barua ilizoziita taarifa zisizo rasmi. Zilitumwa takriban 500. Amri ya mahakama iliombwa mara moja tu, dhidi ya kampuni ya WorldCom iliyokataa kutii barua.

Ili kuona kilichotokea ni lazima kueleza namna ya kuzuia. Tovuti nyingi zilizohifadhiwa katika seva moja zilitumia anwani moja ya IP. Katika nchi yetu wapo watu wengi ambao barua zao hupitia sanduku la posta la shule au la kanisa. Mwalimu mkuu, mlinzi na wazazi wa wanafunzi wote hutumia namba hiyohiyo. Ukilifunga sanduku hilo kwa sababu ya barua moja, umewafungia wote. Hivyo ndivyo watoa huduma wa Pennsylvania walivyofanya, kwa kuwa kuizuia anwani ya IP ilikuwa njia nyepesi ambayo mitambo yao iliimudu. Tena mitambo hiyo ilihudumia wateja wa majimbo mengine, nao wakafungiwa kwa sheria ya jimbo wasiloishi.

Kituo cha Demokrasia na Teknolojia, pamoja na wenzake, kilifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Tarehe 10 Septemba 2004 Jaji Jan DuBois wa Mahakama ya Wilaya ya shirikisho aliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Ushahidi mbele yake ulionyesha kwamba katika kuzizuia tovuti zisizofika 400, tovuti zaidi ya 1,190,000 zisizo na hatia zilizuiwa pia. Hiyo ni karibu tovuti 3,000 kwa kila moja iliyolengwa.

Hesabu hiyo imenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ubovu wa teknolojia. Mtafiti anaona ni ushahidi wa jambo jingine pia. Kwa muda wote ambao barua zilikuwa zikitumwa, hesabu hiyo haikuwapo popote. Mwanasheria Mkuu hakuwa na sababu ya kuitafuta. Watoa huduma hawakuwa na sababu ya kuilipia. Wengi wao walitii tu, maana kutii kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Wenye tovuti hawakujua kwamba tovuti zao hazionekani Pennsylvania. Ilipatikana kwa sababu kulikuwa na shauri, mashahidi walioulizwa maswali, na pande mbili zenye nia ya kupingana.

Uingereza, 1996–2018

Waingereza walifika mahali hapohapo kwa njia ya kimya zaidi. Agosti 1996 Polisi wa Metropolitan wa London waliwaandikia watoa huduma barua yenye orodha ya vikundi vya habari vilivyoshukiwa, wakieleza matumaini kwamba wangevifunga kwa hiari, huku wakionyesha kwamba hatua nyingine zingeweza kufuata. Kabla ya mwaka huo kwisha watoa huduma walikuwa wameanzisha chombo chao cha kupokea malalamiko, Internet Watch Foundation. Chombo hicho si mahakama wala ofisi ya serikali. Mwaka 2004 kampuni ya BT ilijenga mfumo uliofahamika kama Cleanfeed, ambao uliitumia orodha ya chombo hicho kuzuia kurasa mahususi, si anwani nzima. Kosa la Pennsylvania lilikuwa limesahihishwa kiufundi.

Desemba 2008 orodha hiyo iliingiza ukurasa mmoja wa Wikipedia, kuhusu albamu ya mwaka 1976 ya bendi ya Scorpions, kwa sababu ya picha ya jalada lake. Kwa siku chache Waingereza wengi hawakuweza kuusoma ukurasa huo. Aidha, kwa kuwa mfumo ulizipitisha ziara zote za Wikipedia katika seva chache, wahariri wengi wa Uingereza walionekana kama mtu mmoja, na uhariri wao ukakwama. Wikipedia haikuwa imearifiwa kabla. Tarehe 9 Desemba ukurasa uliondolewa katika orodha. Uliondolewa upesi kwa sababu aliyezuiwa alikuwa Wikipedia, yenye sauti inayosikika duniani. Mwenye blogu ya watu 30 asingejua pa kuanzia.

Mwaka 2011 wenye studio za filamu za Marekani waliingia Mahakama Kuu ya London. Hawakuidai BT fidia. Walikiri kwamba ilikuwa mjumbe asiye na hatia. Waliomba amri chini ya kifungu cha 97A cha sheria ya hakimiliki ya 1988, kifungu kilichoingizwa ili kutekeleza lile Agizo la 2001, kwamba BT iizuie tovuti ya Newzbin2. Tarehe 28 Julai 2011 Jaji Arnold alikubali. Sehemu muhimu ya hoja yake ilikuwa kwamba amri hiyo haikuwa mzigo mkubwa kwa BT, maana mtambo wa kuzuia ulikwisha kuwapo: ulikuwa Cleanfeed. Mtambo uliojengwa kwa hiari, kwa ajili ya maudhui ambayo hakuna mtu angeyatetea, ukawa sababu ya kisheria ya kuutumia kwa filamu na muziki. Hakuna aliyevunja ahadi. Hapakuwa na ahadi ya kuvunja.

Gharama ziliamuliwa baadaye. Katika shauri la Cartier, lililohusu alama za biashara, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitamka tarehe 13 Juni 2018 kwamba anayeomba amri ndiye alipie utekelezaji wake, kwa kuwa mtoa huduma hana kosa alilolitenda. Mjumbe hauawi, na sasa hatozwi pia. Hukumu hiyo ni ya haki kwa BT na wenzake. Ina athari moja ndogo isiyosemwa sana: mtoa huduma aliyefidiwa gharama zake amepoteza sababu yake ya mwisho ya kubishana na ombi.

Luxembourg, 2011–2014

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ndiyo iliyomwona mtu wa tatu, ingawa kwa kuchelewa. Katika shauri la Scarlet dhidi ya SABAM, tarehe 24 Novemba 2011, iliikataa amri ya mahakama ya Ubelgiji iliyomtaka mtoa huduma kuchuja mawasiliano ya wateja wake wote, kwa muda usio na ukomo na kwa gharama zake. Hiyo ilikuwa hukumu ya mipaka. Iliyo na uzito zaidi kwa hoja yetu ni ya shauri la UPC Telekabel Wien kutoka Austria, tarehe 27 Machi 2014. Mahakama iliruhusu amri inayomtaka mtoa huduma afikie matokeo, naye achague njia mwenyewe. Lakini iliongeza sharti: sheria za nchi ni lazima ziwawezeshe watumiaji wa intaneti kudai haki zao mbele ya mahakama baada ya kuzijua hatua zilizochukuliwa na mtoa huduma.

Sharti hilo ni dogo kuliko linavyosikika. Humfikia mtumiaji baada ya mlango kufungwa, na humtaka yeye ndiye aubishe. Wala Ulaya haikulifuata kila mahali: mwaka uliofuata Ufaransa ilianza kuzuia tovuti za ugaidi kwa agizo la kiutawala lisilopitia kwanza kwa jaji. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mpokeaji wa barua alitajwa kama mtu mwenye jambo la kusema.

Tanzania, 2010–2020

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao tarehe 1 Aprili 2015, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Ilitungwa kwa Kiingereza, na istilahi zinazotumika hapa ni tafsiri ya mtafiti. Mjadala wa umma ulijikita katika vifungu vya taarifa za uongo na mamlaka ya polisi ya kudai data. Sehemu inayohusu dhima ya watoa huduma, kuanzia kifungu cha 39, ilipita kimyakimya.

Msomaji wa Agizo la Ulaya la 2000 akiifungua sehemu hiyo atajihisi yuko nyumbani. Kifungu cha 39 kinakana wajibu wa jumla wa kufuatilia data. Kifungu cha 40 kinamkinga mtoa njia kwa masharti yaleyale matatu: asianzishe, asimchague mpokeaji, asichague wala kubadili maudhui. Wanafuata anayehifadhi maudhui, anayehifadhi nakala za muda, anayeweka viungo, na mwenye injini ya utafutaji. Hao wawili wa mwisho hawamo katika Agizo la Ulaya. Wamo, kwa mpangilio huohuo, katika Sheria ya Mfano ya nchi za SADC iliyoandaliwa chini ya mradi wa HIPSSA wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, mradi ambao Umoja wa Ulaya uliufadhili. Njia ya safari ni dhahiri.

Kilichobadilika safarini kimo ndani ya kifungu cha 39 chenyewe. Mtoa huduma akiwa na ujuzi halisi wa taarifa au shughuli haramu, anatakiwa kuiondoa taarifa iliyo katika mfumo anaoumiliki, kusitisha huduma zinazohusiana nayo, na kuviarifu vyombo vya dola. Asipofanya hivyo, ametenda kosa la jinai. Kifungu hakisemi ni nani huamua kwamba taarifa ni haramu. Katika Agizo la Ulaya, nafasi hiyo ilipewa mahakama au mamlaka ya kiutawala, kwa maneno ambayo tumeyalalamikia hapo juu. Hapa amepewa mtoa huduma mwenyewe, huku amri ya kufuatilia ikiwa imeondolewa na hofu ya jinai ikiwa imebaki. Kwa maneno mengine, ni hali ya Munich ya Desemba 1995 iliyoandikwa katika vifungu.

Juu ya sheria hiyo zilikuja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Za kwanza zilitangazwa Machi 2018, na mpya zikachukua nafasi yake Julai 2020. Zinawahusu zaidi watoa maudhui wenye leseni kuliko wenye mitambo na minara, na tofauti hiyo isipotee. Mwelekeo wake, hata hivyo, unaonekana katika saa. Kanuni za 2018 zilitoa saa 12 kushughulikia maudhui yaliyokatazwa baada ya taarifa. Za 2020 zilitoa saa 2. Katika saa 2 mtu hawezi kumpata wakili, achilia mbali jaji.

Yapo mashauri ambamo mtoa huduma alisimama upande wa mtumiaji. Mwaka 2016 kampuni ya Jamii Media ilifika Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 32 na 38 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao, vinavyohusu kudaiwa data za watumiaji na utaratibu wa maombi yake. Machi 2017 Mahakama ililitupilia mbali shauri hilo. Lilihusu utoaji wa data, si uzuiaji, lakini linathibitisha jambo moja: mjumbe akitaka, anaweza kwenda mahakamani kwa ajili ya mwenye barua. Alishindwa, na kuna hukumu ya kusoma, kuchambua na kupinga.

Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya Uchaguzi Mkuu, kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba ilikuwa ikiona huduma yake ikizuiwa na kupunguzwa kasi nchini Tanzania. Watumiaji wengi walihamia katika programu za VPN. Kwa shauri la Munich, mtafiti ana tarehe za hukumu, hoja za hakimu na za mahakama ya rufani. Kwa Pennsylvania ana hesabu ya tovuti. Kwa siku zile za Oktoba ana tangazo la kampuni iliyozuiwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na haki ya kukata rufaa, pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Ibara ya 18 inampa haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Kampuni ya simu inayoweza kuzitumia ibara hizo ingelazimika kumshtaki yule anayehuisha leseni yake. Mtumiaji, asiye na leseni ya kupoteza, hana uamuzi wa maandishi wa kuambatisha katika maombi yake.